Mwaka mmoja wa kujitolea ng'ambo: viza ya Ujerumani au ya Uingereza ukiombea Dar?

Mdogo wangu alipata barua mbili ndani ya wiki moja. Ya kwanza ilitoka kwenye nyumba ya kulelea wazee kaskazini mwa Ujerumani, ya pili kwenye jumuiya moja ya watu wenye ulemavu wa akili huko Uskoti. Zote zinamkaribisha kwa miezi kumi na miwili, zote zinasema kazi ni ya kujitolea, na zote zinamalizia kwa maneno yaleyale: mambo ya viza utaanza kuyashughulikia huko uliko. Akaziweka mezani pale nyumbani Mbagala, akanitazama. Mimi ndiye niliyewahi kwenda Ujerumani, mwaka 2018 hadi 2019, kwa hiyo kwa akili za nyumbani kwetu mimi ni ubalozi mdogo.

Nilimwambia asianze kulinganisha nchi. Ukianza na "Ujerumani au Uingereza" utaishia kubishana kuhusu baridi na mpira. Angalia nani anasaini karatasi inayozaa viza, nani analipa, na itachukua miezi mingapi. Kwa mwenye haraka jibu langu ni hili: njia ya Ujerumani inakula muda wako, ya Uingereza inakula hela yako. Mengine yote yanatokana na hapo.

Karatasi inayozaa viza

Watu wengi wanadhani viza ya kujitolea inaanzia ubalozini. Inaanzia kwa mwenyeji. Ubalozi unakagua tu kama kile mwenyeji alichokupa kinatosha.

Kwa Ujerumani unachoomba ni viza ya taifa, ile wanayoiita aina D, na ada yake ni euro 75. Chini yake lazima kuwe na mkataba wa kujitolea unaotambuliwa na sheria yao, na mikataba inayojulikana zaidi ni miwili. Upo FSJ, mwaka wa kujitolea kwenye huduma za jamii, ambao ni wa walio chini ya miaka 27. Halafu upo BFD, huduma ya kujitolea ya shirikisho, usio na ukomo wa juu wa umri. BFD ulianza 2011, Ujerumani iliposimamisha jeshi la lazima. Kabla ya hapo kijana aliyekataa bunduki alitumwa kusukuma vitanda hospitalini, na jeshi lilipositishwa vitanda vikabaki bila wa kuvisukuma. Ndiyo maana hadi leo nafasi nyingi ziko kwenye nyumba za wazee, hospitali, na shule za watoto wenye ulemavu. Usiende ukifikiria utapewa kompyuta na mradi wa kuandika ripoti.

Mkataba wa BFD una sahihi yako, ya mahali utakapofanya kazi, na ya ofisi ya serikali kuu iliyoko Köln. Barua ya kukaribishwa, hata ikiwa na nembo ya dhahabu, si mkataba. Barua ya mdogo wangu ilikuwa nzuri kweli, lakini kwa dirisha la viza ilikuwa salamu tu.

Kwa Uingereza njia ni viza ya muda ya mfanyakazi wa hisani. Hapa karatasi yenyewe wala si karatasi. Inaitwa cheti cha udhamini, na ukikipata utaona ni namba ambayo shirika linaitoa kupitia mfumo wa serikali yao. Shirika haliwezi kuitoa bila leseni ya udhamini, na leseni iwe ya njia hiyo ya hisani, siyo ya wafanyakazi wa kawaida. Kizuri ni kwamba serikali ya Uingereza inaitangaza hadharani orodha ya wenye leseni. Unaitafuta, unaandika jina la shirika, na ndani ya dakika tano unajua kama anayekuita ana uwezo wa kukuita. Tulifanya hivyo usiku uleule kwa bando la simu yangu, na jina la jumuiya ya Uskoti likawemo. Ukimaliza kutumiwa namba, una miezi mitatu ya kuitumia.

Kuhusu muda wa kukaa, tofauti si kubwa sana mwanzoni. Uingereza inakupa hadi miezi 12, na haivuki hapo. Ujerumani kwa kawaida ni miezi 12 pia, lakini mkataba unaweza kuwa wa miezi 6 na ukaongezwa hadi 18.

Na viza ya utalii? Nalitaja hili kwa sababu jirani yetu aliambiwa na dalali mmoja kwamba atangulie na viza ya Schengen, "atabadilishia hukohuko". Schengen ni siku 90 ndani ya siku 180, ada yake euro 90 tangu Juni 2024, na haigeuzwi kuwa mwaka wa kujitolea. Uingereza nayo inamruhusu mgeni wa kawaida kujitolea kwenye shirika la hisani lililosajiliwa, lakini kwa siku zisizozidi 30. Dalali alikula chake akahama mtaa.

Hela

Hapa ndipo mizani inapoinama.

Viza ya hisani ya Uingereza ni kama pauni 300 hivi kwa ada peke yake. Juu yake kuna tozo ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka, na unailipa yote siku unayoomba, kabla hujajua kama utakubaliwa. Ukikataliwa wanakurudishia tozo ya afya. Ada ya viza hawarudishi. Jumlisha uone: zaidi ya shilingi milioni nne zimetoka kabla hujagusa tiketi ya ndege.

Halafu wanataka kuona akiba ya pauni 1,270 kwenye akaunti yako. Hela hiyo ikae siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya kuomba. Shangazi yetu, Mungu ampe maisha marefu, alisikia akasema, "Nitakuwekea, mwanangu, zipite siku mbili tatu, wachapishe taarifa ya benki, nizitoe." Kwa viza nyingine ujanja huo umewahi kupita. Hapa siku 28 ziko pale kuuzuia.

Kuna mlango wa pembeni, halali kabisa, ambao wengi hawaujui. Mwenyeji mwenye daraja la juu la leseni anaweza kuweka alama kwenye cheti cha udhamini kwamba atakutunza, na hapo huhitaji kuonyesha akiba yoyote. Ni kisanduku kimoja tu kwenye fomu yake, ila hatakitia alama kama hujamwomba.

Ujerumani ni euro 75, laki mbili na ushee. Tozo ya afya haipo, kwa sababu ukiwa FSJ au BFD unaingizwa kwenye bima za jamii kama mfanyakazi, na mwenyeji ndiye anayelipa. Unapata na posho ya kila mwezi. Sheria inaweka ukomo wa juu, ambao kwa 2025 ulikuwa euro 644, lakini wenyeji wengi wanatoa pungufu ya hapo na badala yake wanakupa chumba na chakula. Mimi nilikuwa napata euro 350 na chumba chenye dirisha linalotazama maegesho ya gari la wagonjwa. Nilirudi na akiba kidogo kwa sababu sikuwa na pa kuzitumia. Jumapili mji mzima umefungwa.

Lakini usidanganyike na hizo 75. Ubalozi unapiga hesabu kama posho, chumba na chakula kwa pamoja vinatosha mtu kuishi. Mwenyeji akitoa posho tupu bila chumba unaweza kuambiwa ulete mdhamini aliyesaini hati ya udhamini Ujerumani, au uweke hela kwenye akaunti iliyofungwa, ile unayoruhusiwa kutoa kidogokidogo tu kila mwezi. Mkataba unaotaja chumba na chakula kwa maandishi ni mkataba mzuri mno.

Gharama kubwa ya kweli ya Ujerumani ni darasa la lugha.

Lugha na kalenda

Viza ya hisani ya Uingereza haidai mtihani wa Kiingereza. Kama umemaliza kidato cha nne na unaweza kuandika barua pepe ya kueleweka, umeshafika. Unaweza kuomba mapema kabisa miezi mitatu kabla ya tarehe ya kuanza kazi, na majibu kwa kawaida huja ndani ya wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Mtu mwenye hela na mwenyeji mwenye leseni anaweza kumaliza kila kitu kati ya mwezi wa sita na mwezi wa tisa.

Ujerumani hapo inakuacha ukitembea. Wenyeji wengi wanataka Kijerumani cha A2 au B1, yaani ngazi ya pili au ya tatu kati ya sita, na wana haki: bibi wa miaka tisini mwenye kisukari hawezi kungoja ufungue kamusi. Nilisoma jioni pale Goethe-Institut, Upanga, nikitoka kazini Kariakoo. Ilinichukua miezi tisa kufika A2, na mara mbili nilisinzia daladala nikapitiliza kituo nikiwa na kitabu mapajani. Ukimaliza lugha unasubiri mkataba uzunguke kupata sahihi, unatafuta nafasi ya miadi, unawasilisha maombi, halafu ubalozi unayapeleka kwa ofisi ya wageni ya mji unaoenda nayo itoe maoni. Jipe wiki kadhaa hadi miezi mitatu kwa hatua hiyo ya mwisho peke yake. Kutoka sifuri hadi kupanda ndege, mtu anayefanya kazi ahesabu mwaka na zaidi.

Mdogo wangu alikuwa tayari na A2. Kwa hiyo nilijua jibu langu: Ujerumani. Nilimwambia hivyo palepale, kwa sauti ya mtu mzima. Akanyamaza. Mnyamazo wake naufahamu.

Vitu vilivyo chini ya godoro la mama

Sehemu hii ndiyo inayoangusha watu, na hakuna anayeisimulia kwa sababu haina utukufu.

Pasipoti kwanza. Ya kielektroniki, inayotolewa tangu 2018, ni shilingi 150,000 na inadumu miaka kumi. Unajaza mtandaoni, unalipa kwa namba ya malipo, halafu unakwenda Uhamiaji kutoa alama za vidole. Watahitaji namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa. Mdogo wangu alikuwa nayo tayari, na hapo ndipo tulipogundua kasoro. Cheti chake cha kidato cha nne hakina herufi "u" mwishoni mwa jina la kwanza. NIDA inayo, na kwa hiyo pasipoti inayo. Wasifu alioutuma Ujerumani aliuandika akinakili cheti cha shule, na wenyeji wakaandika barua yao kwa jina la kwenye wasifu. Herufi moja tu, lakini kwa karani wa viza hao ni watu wawili.

Dawa yake ni rahisi ukiwahi: kabla mwenyeji hajaandika mkataba au hajajaza cheti cha udhamini, mtumie picha ya ukurasa wa pasipoti wenye jina lako na umwambie anakili humo, herufi kwa herufi. Tofauti kati ya vyeti vyenyewe unaimaliza kwa hati ya kiapo cha majina mbele ya wakili. Ifanye mapema, maana ukiifanya wiki ya miadi kila mtu mpaka mlinzi wa geti atakuongezea bei.

Sasa chanjo. Tangu Machi 2020 sheria ya Ujerumani inamtaka kila aliyezaliwa baada ya 1970 anayefanya kazi hospitalini, shuleni au kwenye chekechea athibitishe kwamba ana kinga ya surua, yaani dozi mbili. Nilipokwenda mimi sheria hiyo haikuwepo. Mdogo wangu akamuuliza mama kadi ya kliniki. Mama akainua godoro upande wa ukutani, akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake risiti za umeme za miaka ile, picha ya marehemu babu, na kadi mbili za kliniki zilizochanika kwenye mikunjo. Surua, dozi moja, wino wa bluu, muhuri wa zahanati ambao hausomeki. Mama akahamaki: "Sikukosa kliniki hata mwezi mmoja!" Na hakukosa. Dozi ya pili ya surua iliingizwa kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo Tanzania mwaka 2014, na wakati huo mdogo wangu alikuwa anacheza rede. Wengi wa umri wake kadi zao ziko hivyohivyo. Anakwenda kuchomwa ya pili na kuandikiwa upya, inaisha.

Uingereza yenyewe haisumbuki na surua, inasumbuka na kifua kikuu. Tanzania iko kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa kukaa zaidi ya miezi sita lazima apimwe kabla ya kuomba. Huwezi kupima popote upendapo. Ni kwenye kliniki waliyoiidhinisha, na hapa Dar ni ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Wanakupiga picha ya kifua, na cheti kinadumu miezi sita tangu siku ya picha. Ukipima mapema mno kwa bidii, kitakwisha kabla namba ya udhamini haijafika, na utalipa tena.

Dirishani

Kwa Uingereza unajaza fomu mtandaoni, unalipa, unapeleka alama za vidole kwenye kituo cha kupokea maombi, unarudi nyumbani kusubiri. Wengi hawahojiwi. Kinachoongea ni karatasi.

Kwa Ujerumani unakaa mbele ya mtu. Usaili wangu ulikuwa ubalozini kwao, Umoja House, ile ya Mirambo na Garden, asubuhi ya saa mbili, nimevaa blauzi ya kuazima. Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi, kwa Kijerumani: unaitwa nani, unakwenda wapi, nani atakupokea. Kisha yule mama akaondoa miwani akauliza, kwa upole kabisa, "Wazee wako Tanzania pia. Kwa nini usiwatunze hapa?"

Nilikuwa nimekariri jibu zuri kuhusu kubadilishana tamaduni. Likapotea lote. Nikamwambia kwetu bibi alifia sebuleni akiwa na watu kumi na wawili wamemzunguka, na hakuna hata mmoja aliyejua namna ya kumgeuza asipate vidonda vya mgongo. Nataka kujifunza kumgeuza mtu. Kijerumani changu kilivunjika katikati, nikamalizia kwa mikono. Akaandika kitu, akavaa miwani.

Sijui kama ndicho kilichonipatia viza. Ninachojua ni kwamba swali la namna hiyo litakuja kwa sura yoyote, na ukiwa huna jibu lako mwenyewe utasikika kama tangazo.

Ukikataliwa

Zamani Ujerumani ikikukatalia ulikuwa unaandika barua ya kupinga, bure, na ubalozi uleule unaangalia tena. Utaratibu huo ulifutwa duniani kote Julai 1, 2025. Sasa imebaki kuomba upya kwa ada mpya, au kufungua kesi Mahakama ya Utawala ya Berlin, jambo ambalo kwa mtu wa Mbagala ni hadithi. Ukiwa na miadi moja tu mkononi, peleka faili lililokamilika, siyo "hii nitaleta kesho".

Uingereza bado ina dirisha la kuomba mapitio kama unaamini karani alikosea: pauni 80, ndani ya siku 28 ukiwa nje ya nchi yao. Wanaangalia kosa la karani tu. Kosa lako mwenyewe halitibiki hapo.

Njia za pembeni, kwa haraka

Kama una umri wa miaka 18 hadi 28 na unajitolea kwenye shirika au kanisa hapa nyumbani, uliza kwanza kama wana mshirika Ujerumani kabla hujahangaika peke yako. Mpango wa serikali yao uitwao weltwärts ulianza 2008 kwa kuleta Wajerumani huku, na tangu 2013 unapeleka vijana wa huku kule. Kisheria ukifika unakuwa BFD, viza ni ileile, lakini shirika linabeba tiketi, bima na mara nyingi kozi ya lugha. Baadhi ya dayosisi za KKKT, ikiwemo ya Mashariki na Pwani, ziko kwenye umoja wa makanisa wenye makao yake Wuppertal ambao nao hupeleka vijana. Kuna watu wa Dar wanaopata njia kupitia uhusiano wa miji pia. Hamburg na Dar ni miji dada tangu 2010. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kuliko zote nilizotaja, na tatizo lake ni moja: nafasi ni chache na huwezi kuinunua.

Ile wanayoiita opea darasani, yaani kuishi na familia na kulea watoto wao, si kujitolea, ingawa rafiki wa mama alituambia "ni kitu kilekile". Ni rahisi kuipata: A1 inatosha, uwe chini ya miaka 27, unapewa euro 280 kwa mwezi na chumba, kazi isizidi saa 30 kwa wiki. Wengine wanaitumia kuingia, wanakomaza lugha, kisha wanahamia FSJ au BFD wakiwa kulekule. Ni ngazi nzuri ukipata familia nzuri. Ukipata mbaya, huna wafanyakazi wenzako wa kuwalalamikia jikoni.

Norway ina Norec, taasisi ya serikali ya kubadilishana wafanyakazi, lakini haichukui mtu mmojammoja. Taasisi mbili zinabadilishana wafanyakazi wao. Kama hujaajiriwa na mojawapo, pita. Marekani inayo viza ya B-1 inayoruhusu kujitolea kwa shirika la dini au la hisani, ila Oktoba 2025 waombaji wa viza za B kutoka Tanzania walianza kudaiwa dhamana ya hadi dola 15,000, na tangu Januari 2026 Marekani imesitisha kuwapa Watanzania viza hizo. Hiyo tuliifunga ukurasa bila mjadala.

Barua pepe ya mistari mitatu

Nikarudi kwenye mnyamazo wa mdogo wangu. Siku ya pili akaniambia, "Dada, wewe unanichagulia safari yako." Akaandika barua pepe mbili bila kuniuliza. Wajerumani aliwauliza: mkataba utakuwa FSJ au BFD, chumba na chakula vitaandikwa humo, na lini utasainiwa? Waskoti: mtatia alama kwamba mtanitunza, tozo ya afya analipa nani, na namba ya udhamini itatoka mwezi gani?

Wajerumani walijibu kwa ukarimu kwamba chumba hawana, posho ni ya kutosha, na mkataba utapatikana baada ya usaili mwingine kwa njia ya video, labda Novemba. Waskoti walijibu kesho yake asubuhi. Kisanduku cha kumtunza watakitia alama, ndiyo kawaida yao. Tozo ya afya wanalipa wao. Ada ya viza, kipimo cha kifua kikuu na tiketi ni juu yake. Kazi inaanza Septemba.

Hesabu yangu yote ikageuka. Ile njia inayokula hela ilikuwa imebakiza pauni 300 hivi na nauli, na ile ya bei rahisi ilikuwa inadai chumba kwenye mji ambao chumba chenyewe kinameza posho nzima. Bado nadhani Ujerumani ina mlango mpana zaidi baadaye kwa anayetaka uuguzi, maana ukiwa kule unaweza kutafuta mafunzo ya kazi na kubadilisha kibali, na nimeona wenzangu wanne wakifanya hivyo. Viza ya hisani ya Uingereza yenyewe haiongezwi baada ya miezi 12. Nilimweleza. Akasema A2 yake haitaoza, ataitumia mwaka unaokuja.

Alhamisi anakwenda kupigwa picha ya kifua. Shangazi ametoa laki nne za tiketi, safari hii hazirudi. Na mama amekunja kadi ya kliniki, ameirudisha kwenye mfuko wa nailoni pamoja na babu, akainua godoro.